Puedo lakini podemos: njia tatu za kujifunza vitenzi vya Kihispania vinavyobadili shina

Anayeanza kujifunza Kihispania hupewa kwanza vitenzi kama hablar, yaani kusema, na comer, yaani kula, na katika wiki hizo za mwanzo huiona lugha kuwa tulivu, kwa kuwa shina la kitenzi halitikisiki na kinachobadilika ni kiishio tu. Utulivu huo huisha siku anapokutana na poder, yaani kuweza. Kitenzi hiki hakikwepeki, kwa sababu ndicho kinachobeba maombi, ruhusa na visingizio vya kila siku, na katika wakati uliopo maumbo yake ni haya:

puedo – ninaweza
puedes – unaweza
puede – anaweza. Pia "unaweza" la heshima, pamoja na usted, yaani "wewe" la heshima
podemos – tunaweza
podéis – mnaweza, hasa nchini Hispania
pueden – wanaweza. Pia "mnaweza", pamoja na ustedes, yaani "ninyi"

Maumbo manne yana ue na mawili yamebaki na o. Mtindo huohuo unaonekana katika querer, yaani kutaka (quiero, lakini queremos), katika dormir, yaani kulala (duermo, lakini dormimos), na katika vitenzi vingine vingi ambavyo mtu hawezi kukaa siku nzima bila kuvitumia. Swali ambalo wanafunzi huulizana si kama vitenzi hivi vijifunzwe, bali vijifunzwe kwa njia gani. Zipo njia tatu zinazotumika sana: kukariri jedwali zima, kufuata kanuni ya mkazo, na kujifunza sentensi zilizokamilika. Kila moja ina watetezi wake, na kila moja ina mahali inapomwacha mwanafunzi peke yake.

Vigezo vya kulinganishia

Nimezipima njia hizi kwa mambo matano. La kwanza ni gharama ya kuanza, yaani muda unaopita kabla mtu hajapata kitu cha kutumia. La pili ni usahihi wa maandishi, hasa kwa anayekabiliwa na mtihani. La tatu ni wepesi wa mdomo, kwa kuwa kujua umbo na kulitoa kwa wakati si jambo moja. La nne ni kama njia inamsaidia mtu kuvuka kutoka poder kwenda vitenzi vingine. La tano ni pale inapokwama, na hili nimelipa uzito, kwa sababu wauzaji wa kozi hawalitaji.

Jedwali

Hii ndiyo njia kongwe. Kitenzi huandikwa katika safu mbili, umoja kushoto na wingi kulia, nafsi tatu kila upande, kisha mwanafunzi hurudia mpaka maumbo sita yatoke kama salamu. Walimu wengi huzungushia mstari maumbo yanayobadilika, na kwa kuwa podemos na podéis hubaki nje ya mstari, mchoro unaotokea unafanana na buti. Mchoro huo si wa mapambo tu, kwani jicho hukumbuka mahali upesi kuliko linavyokumbuka maelezo.

Gharama ya kuanza si kubwa. Jioni moja inatosha kwa wakati uliopo wa poder, na mtu aliyepita katika shule zetu, ambako kukariri ni sehemu ya malezi, hatapata tabu. Katika usahihi wa maandishi jedwali lina nguvu ambayo njia nyingine hazina, na nguvu hiyo huonekana zaidi unapotoka katika wakati uliopo. Poder katika wakati uliopita wa tendo lililokamilika ni pude, pudiste, pudo, pudimos, pudisteis, pudieron, na u hiyo haitokani na kanuni yoyote ambayo mwanafunzi angeweza kuibuni mwenyewe. Wakati ujao unaleta podré, podrás, podrá, ambamo irabu ya katikati imedondoka. Kwa maumbo ya aina hii sijaona njia ya mkato. Mtu hukaa chini na kuyakariri.

Udhaifu wake uko mdomoni. Aliyekariri mfululizo huwa na mazoea ya kuupanda kama ngazi, kuanzia puedo, puedes, puede, hadi alifikie umbo analolihitaji, na aliyemuuliza swali keshageuka. Nilipitia hali hiyo mwaka mzima: nilipata alama nzuri katika majaribio ya kuandika, na bado nilipotaka kusema "hatuwezi" nilikuwa nahesabu moyoni kwanza. Dawa ni kuuvunja mfululizo, kwa kuulizwa nafsi bila mpangilio, lakini wachache hujipa taabu hiyo.

Kuhusu kuvuka kwenda vitenzi vingine, jedwali linadhaniwa kuwa bahili kuliko lilivyo. Anayekariri kila kitenzi peke yake hatamaliza, ila kamusi na sarufi za Kihispania, zikiwemo zile za Real Academia Española, akademia ya lugha ya Kihispania iliyoasisiwa mwaka 1713, huviweka vitenzi katika makundi na kila kundi hupewa kitenzi kimoja cha kuigwa. Contar, yaani kuhesabu au kusimulia, huongoza kundi moja, mover huongoza jingine, na vivyo hivyo acertar, entender, sentir, dormir na pedir. Anayekariri vielelezo hivyo saba amejipatia funguo za mamia ya vitenzi, mradi ajue kitenzi kipya kinaingia kundi gani.

Mahali jedwali linapokwama ni pale uhalisia unapokuwa na nafsi ambayo kitabu hakikuichora. Katika Argentina, Uruguay na sehemu nyingine za Amerika ya Kati na ya Kusini, watu hawamwambii rafiki tú puedes, yaani "wewe unaweza"; humwambia vos podés, kwa maana ileile. Majedwali mengi ya wanaoanza hayana umbo hilo, na mwanafunzi aliyeziamini safu zake sita hudhani mwenyeji amekosea.

Kanuni ya mkazo

Njia ya pili haianzi na orodha. Inaanza na swali: kwa nini podemos haikubadilika? Jibu liko katika sauti. Sema puedo, nawe utasikia mkazo umetua juu ya shina lenyewe, pale kwenye ue. Sema podemos, na mkazo umehamia kwenye kiishio, po-DE-mos. Kanuni nzima ni hiyo: shina likibeba mkazo, o hupanuka kuwa ue na e hupanuka kuwa ie, mkazo ukiondoka, irabu hurudi katika wembamba wake wa awali. Kisa chake ni cha kihistoria. Irabu fupi za Kilatini, o na e, zilipobeba mkazo zilipasuka kuwa irabu mbili wakati Kilatini cha mitaani kilipokuwa kikigeuka Kihispania, na zisipobeba mkazo zilibaki nzima. Ndiyo maana mlango ni puerta lakini mlinda mlango ni portero, saba ni siete lakini sabini ni setenta, tisa ni nueve lakini tisini ni noventa, na chenye nguvu ni fuerte ilhali ngome ni fortaleza. Poder anatii sheria ileile inayotawala majina na hesabu; si mkorofi hata kidogo.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza havimhesabii. Mkazo wetu hutua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiriwa, na maumbo matano kati ya sita ya poder katika wakati uliopo yamejengwa hivyohivyo: PUE-do, PUE-des, PUE-de, po-DE-mos, PUE-den. Mtu akiyasoma kwa mdomo wake wa kawaida, mkazo utaangukia mahali pake. Hata ue haitupi shida, kwa kuwa ni pwe ile ile ya pweza. Linalobaki ni podéis, na ile podés ya Argentina, ambazo mkazo wake uko kwenye silabi ya mwisho, na Kihispania chenyewe kimetuwekea alama ya kutuonya. Kwa mkazo huo wa mwisho kanuni inatabiri kwamba shina halitapanuka, na kweli halipanuki. Umbo ambalo jedwali halikulichora, kanuni imelieleza bila kuombwa.

Wala wazo la mkazo kutawala umbo la kitenzi si geni kwetu. Twasema anakula lakini hali, amekuja lakini aje. Ile ku hubaki baada ya na, li, ta na me kwa sababu viambishi hivyo havibebi mkazo, na bila ku mkazo ungekosa mahali pa kutua. Pakipatikana kiambishi kinachoweza kuubeba, ku huondoka. Hakuna mtoto wa Mombasa wala wa Kigoma aliyefundishwa jambo hili kwa jedwali. Mkazo pia hututenganishia maana, kama anavyojua yeyote anayetofautisha barabara ya kupita magari na kazi iliyofanywa barabara.

Pamoja na sifa hizo, gharama ya kuanza ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi anahitaji kwanza kusikia mkazo wa Kihispania kwa sikio lisilobahatisha, na wiki mbili au tatu za kusoma kwa sauti hazitoshi kwa kila mtu. Katika maandishi kanuni inafanya kazi vizuri kwa wakati uliopo na kwa maumbo ya kutaka na kutamani, yale yanayofanana na letu la "aweze" na "tuweze": pueda kwa mmoja, podamos kwa sisi, mkazo ukipanga kila kitu. Mdomoni inakaa katikati. Haina ngazi ya kupanda, lakini anayefikiria mkazo huku anazungumza atakwama kama anayehesabu, mpaka kanuni ishuke kutoka kichwani ikawe tabia ya ulimi.

Kwa kuvuka kwenda vitenzi vingine, hakuna njia inayoifikia. Ukiielewa katika poder umeielewa katika volver, encontrar, recordar na costar, na ukibadili irabu tu umeielewa katika pensar, cerrar, empezar, entender na perder. Hata oler, yaani kunusa au kutoa harufu, ambacho maumbo yake huelo na olemos humshangaza kila mtu, hakiendi kinyume. Ile h ni kanuni ya kuandika tu, kwa kuwa Kihispania hakiandiki neno linaloanza na ue bila kulitanguliza na h. Jugar, yaani kucheza, nacho kinafuata mkazo (juego, jugamos), ingawa ndicho kitenzi pekee kinachogeuza u kuwa ue.

Na inakwama wapi? Kwanza, kanuni inakueleza lini shina hubadilika, lakini haikuelezi ni vitenzi vipi vinavyobadilika. Comer na correr vina o, deber na beber vina e, na hakuna hata kimoja kinachopanuka: ni como, corro, debo, bebo. Umbo la kamusi pekee halitoshi kukuonyesha tofauti. Pili, vitenzi vya kundi la -ir vina tabia ya ziada. Pedir, yaani kuomba, hugeuza e kuwa i chini ya mkazo, pido lakini pedimos, na hadi hapo tunaelewana. Ila katika wakati uliopita tunakuta pidió na pidieron, katika umbo la tendo linaloendelea tunakuta pidiendo, na katika kutamani pidamos, ambapo mkazo hauko kwenye shina na bado shina limebadilika. Dormir nacho kina durmió, durmiendo na durmamos. Sentir kina sintió, sintiendo na sintamos. Panahitajika kanuni ya pili: katika vitenzi hivi shina lisilo na mkazo husalia na e au o pale tu silabi inayofuata inapokuwa na i iliyo irabu kamili, kama katika pedimos na dormí, kwingine kote hupata i au u. Kanuni hiyo ni ya kweli na hata ina uzuri wake, lakini anayeanza hapaswi kubebeshwa. Tatu, pude na podré ziko nje ya mamlaka yake kabisa.

Sentensi zilizokamilika

Njia ya tatu haimtaki mwanafunzi achambue chochote. Anajifunza "¿Puedo pasar?" kama ombi la kuingia, "¿Puede repetir, por favor?" kama ombi la heshima la kurudiwa neno, "No podemos ir" kama udhuru, "Puede ser" kama "huenda ikawa", na "No puedo más" kama kauli ya mtu aliyefika ukomo. Kitenzi huja kimekwisha kuvaa umbo lake, nacho hukumbukwa pamoja na hali ambamo kinasemwa.

Gharama ya kuanza ni ndogo kuliko zote, kwani sentensi ya kwanza inatumika siku hiyohiyo. Mdomoni njia hii ndiyo inayotoa matunda mapema. Chukua mwongoza watalii wa Zanzibar anayepokea wageni kutoka Hispania: kazi yake inamdai pueden kwa wingi, kwa sababu anawaambia wageni mahali wanapoweza kupiga picha na saa wanayoweza kurudi; inamdai podemos, kwa sababu anapendekeza; na inamdai puedo, kwa sababu anaomba na kujitolea kusaidia. Puedes ataihitaji akizoeana na mgeni, na podéis ataisikia wageni wakisemeshana. Kumkalisha mtu huyo mbele ya maumbo yote ya wakati uliopita kabla hajajua kusema "Podemos parar aquí" ni kumpotezea msimu.

Njia hii pia inafundisha jambo ambalo jedwali haliwezi, nalo ni adabu. Jedwali linaonyesha kwamba puede ni nafsi ya tatu. Sentensi inaonyesha kwamba ndiyo unayomwambia mzee usiyemjua. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kumshikia mkubwa heshima kwa shikamoo na kwa namna ya kuita zaidi kuliko kwa kitenzi, anahitaji kuiona tofauti hiyo ikitumika ndiyo imkae.

Usahihi wa maandishi ndio unaodhoofu. Aliyejifunza kwa sikio ataandika pudo anapotaka puedo, na kosa hilo si dogo, kwa kuwa pudo ni neno halali lenye maana ya "aliweza". Kuvuka kwenda vitenzi vingine nako ni kwa bahati: aliyekusanya sentensi thelathini za poder hajui lolote la volver mpaka akusanye nyingine. Hukwama, basi, siku mazungumzo yanapotoka nje ya hazina yake. Anataka kusema "hatukuweza kulala", ana "no podemos" mkononi na "duermo" mahali pengine, na hana uzi wa kuviunganisha ili apate "no pudimos dormir".

Nani achague ipi

Anayejiandaa kwa mtihani wenye sehemu ya kuandika, kama ule wa DELE, cheti cha ujuzi wa Kihispania, unaosimamiwa na Instituto Cervantes, hawezi kulikimbia jedwali. Namshauri akariri vielelezo vya makundi badala ya vitenzi vyote, ajiulize nafsi bila mpangilio, na aitumie kanuni ya mkazo kuhakiki majibu yake katika wakati uliopo. Akiona ameandika puedemos, sikio litamkataza kabla msahihishaji hajamkataza.

Anayehitaji Kihispania kwa kazi ya miezi michache ijayo, awe mwongoza watalii, mhudumu wa hoteli au dereva, aanze na sentensi, na achague zile ambazo kazi yake inazirudia kila siku. Asione haya kuacha podéis hadi baadaye, ila aitambue akiisikia. Msimu ukipita, saa chache za kuisoma kanuni zitampangia upya vile alivyokwisha navyo mdomoni, na ataona vinapangika upesi.

Anayejifunza peke yake bila haraka, kwa kupenda lugha au kwa kupenda kujua inavyofanya kazi, atafaidika na kanuni kuliko wengine, mradi asome kwa sauti na asiogope kurudi kwenye jedwali kwa ajili ya pude na podré. Mtu wa aina hii ndiye ninayemwonya pia kuhusu pedir: akikutana na pidiendo asiitupe kanuni, aliweke pembeni kundi la -ir mpaka mwezi wa tatu au wa nne.

Anayehamia Argentina au Uruguay achague kanuni au sentensi za huko huko, kwa sababu vos podés na vos querés atazisikia tangu uwanja wa ndege. Anayekwenda Hispania aipe podéis na queréis nafasi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndivyo atakavyosemeshwa yeye na wenzake. Anayekwenda Mexico anaweza kuziacha bila kupungukiwa na kitu, atumie ustedes pueden kwa wote.

Mwalimu mwenye darasa la wasemaji wa Kiswahili ana uhuru wa kupanga njia zote tatu kwa zamu. Mpangilio ulionifaa mimi nilipofundisha rafiki zangu wawili ulianza na sentensi tano za poder, ukafuatiwa na kuzisoma kwa sauti huku tukigonga meza kwenye mkazo, na jedwali likaja mwisho, wakati wao wenyewe walikuwa wameshaanza kulichora.

Na yule ambaye tayari amezoea kusema podo au puedemos, kwa kuwa alikariri haraka na kusahau nusu, asianze upya. Aandike maumbo mawili tu kwenye karatasi, puedo na podemos, ayaweke pale anapokunywa chai asubuhi, na kwa wiki mbili aombe kila kitu kwa la kwanza na kukataa kila mwaliko kwa la pili.